Chungu Hutemwa, Tamu Humezwa

Marehemu hakuwa na rafiki hata wa dawa. Alikuwa na wanafunzi. Walishaota mvi, wana vyeo na familia zao, lakini alipoingia chumbani walisimama kama watoto wa darasa la kwanza. Wote walimwita Mwalimu. Yeye hakumwita mtu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliwabandika majina ya Kilatini, yale ambayo wataalamu huipa mimea, na kila jina alilichagua kwa kuangalia mahali litakapouma.

Inspekta aliyajua hayo tangu juzi, siku Mwalimu alipokutwa amelala kifudifudi juu ya meza yake katika jengo la hebaria, nyumba wanamokaushia mimea na kuibandika kwenye karatasi nene ili ikae miaka na miaka. Daktari alisema ni moyo. Maabara ikasema ni moyo kweli, ila umesimamishwa. Ndani ya mwili walikuta sumu ya Nerium, kile kichaka chenye maua ya waridi kilichopandwa kuzunguka uzio wote wa jengo, ambacho mtu yeyote mwenye kisu angeweza kukikata bila kuulizwa. Sumu ilipita mdomoni. Na kwa kuwa asubuhi ile hakuna aliyemwona Mwalimu akitia kitu kinywani isipokuwa chai, Sajenti, ambaye hapendi kesi ikae ikachacha, alimweka ndani Mama wa Chai kabla jua halijazama.

Mchana huu gari la mahabusu lingempeleka mahakamani kusomewa shtaka la kuua. Shtaka hilo halina dhamana. Akishalisomewa, angekaa ndani mpaka kesi iishe, na kesi za mauaji huisha watoto wakiwa wameota meno.

Inspekta alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kifua cha gauni lake kimelowa maziwa.

"Dada, nimekuja tuzungumze."

"Mimi si dada yako. Dada yangu yuko nje kwenye benchi, na mwanangu mgongoni mwake. Ungekuwa dada yangu ungenitoa."

"Kikombe ulikiosha."

"Kazi yangu ni kuosha vikombe. Nisipoosha natukanwa, nikiosha nafungwa. Niambie basi nifanye lipi."

"Uliweka sukari?"

Mama wa Chai alimtazama kama anayetazama mtu mzima aliyevaa viatu kinyume. "Mwalimu hali sukari. Tangu nimjue. Chai yake chungu kama roho yake. Na anainywea barazani, chumbani kwake chakula hakiingii, hata punje ya karanga, eti wadudu watakula majani yake."

"Watu walikusikia ukisema ipo siku."

"Nilisema, na nikitoka nitasema tena. Aliniita Vulgaris mbele ya wageni. Nikacheka, nikadhani ananisifu. Nikawa naitika, jamani. Mpaka nilipoambiwa maana yake."

"Maana yake nini?"

"Uchafu. Kitu cha kuokota jalalani."

"Nani alikuambia?"

"Binti yake Mwalimu. Alinifuata jikoni, akanishika mkono kwa huruma kabisa. Akasema, dada, sipendi uendelee kucheka na hujui." Aligeuza uso ukutani. "Yule angalau ana utu. Haya, nenda. Umeshaniona."

Nje, Sajenti alikuwa anakung'uta makombo ya mkate kwenye sare yake. "Unaona, afande? Amekiri nusu."

"Amekiri hasira. Hasira ingekuwa kosa la jinai, mimi ningekuwa nimefungwa maisha."

"Na kile kijiti ulichopeleka maabara? Mkemia amenipigia akaniuliza kama sasa tunapeleleza fagio."

Siku ile ya kwanza, wote walipokuwa wanahangaika na maiti na vikombe, Inspekta alikuwa ametazama mguu wa meza ya Mwalimu. Sisimizi walikuwa wanaupanda, wamejipanga mstari wao wa adabu, mpaka juu, mpaka kwenye kijitawi kilichonyauka chenye lebo iliyochapwa kwa mashine. Katika chumba kisichoingia hata punje ya karanga, sisimizi wale walikuwa wameitwa na nini? Sajenti alisema sisimizi hawana akili. Inspekta aliamini kwamba sisimizi ana akili ya kutosha kujua kitamu kiko wapi.

*

Hebaria ilinuka karatasi kuukuu na dawa ya nondo. Aliyempokea ni Naibu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye kwa kifo cha Mwalimu sasa ndiye alikuwa mkubwa wa jengo. Hakumkaribisha kiti.

"Nilidhani mmeshapata mtu wenu."

"Tumepata mtu. Sijui kama ni wetu. Vulgaris maana yake nini?"

"Umekuja kujifunza Kilatini kwa kodi yangu?"

"Nimekuja kuuliza. Jibu au tukaulizane kituoni, kule viti vipo."

Naibu alivuta pumzi puani. "Ya kawaida. Inayopatikana kila mahali. Maharage unayokula ni Phaseolus vulgaris."

"Si uchafu? Si kitu cha jalalani?"

"Mjinga gani kakuambia? Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hakosei hivyo." Kisha akacheka bila furaha. "Mimi niliitwa Horrida. Yenye miiba, yenye kuchoma. Nikaona heri hiyo. Kuna waliopewa mabaya zaidi."

"Kwa mfano?"

"Mchoraji wetu, yule pale dirishani, ni Repens. Itambaayo. Mgongo wake umepinda kwa kuchora picha za vitabu vya Mwalimu, na shukrani yake ndiyo hiyo."

"Na binti yake mwenyewe?"

Naibu alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Spuria."

"Maana yake?"

"Ya bandia. Isiyo halali. Alidai macho ya yule mtoto si ya ukoo wao. Alimwita hivyo mikutanoni, alimwita hivyo harusini kwa binamu yake, mama yake akiwa hai na ameketi meza ya mbele. Mama wa watu alikufa na aibu isiyo yake."

"Kwa hiyo kila mtu humu ndani alikuwa na sababu ya kumuua."

"Kila mtu. Mimi pia, usinisahau, nitaona umenidharau." Naibu aliegemea mlango, na maneno yakamtoka kama yaliyokuwa yanasubiri mlango ufunguliwe. "Mimi na yeye tulikuwa hatusalimiani. Unajua kwa nini? Herufi c. Yeye kila c aliitamka k, alidai Warumi walisema hivyo. Mimi nimesoma kwa watu wanaosema ch ikifuatwa na e au i. Akanisimamisha mbele ya wageni, nirudie, nirudie, mpaka nitamke anavyotaka yeye. Sikutamka."

"Na nani kati yenu alikuwa sahihi?"

"Hakuna aliyebaki hai wa kutuamua. Ndiyo maana ugomvi hauishi."

Walikuwa wametoka nje hadi barazani, ambako mimea michanga ilipangwa kwenye vyungu. Inspekta alitaka kuiona mikono mirefu ya Naibu ikifanya kazi. Alinyoosha kidole. "Huu?"

"Mimosa pudica. Kifauongo. Pudica, yenye haya." Naibu aliugusa kwa ncha ya kidole. Majani yakajifunga, yakainama.

"Na huu?"

"Ruta graveolens. Yenye harufu nzito." Alikwanyua jani, akalisugua, akalinusa, akalitupa.

"Ule wa pembeni?"

"Quassia amara. Amara, chungu." Na kabla neno halijaisha jani lilikuwa mdomoni mwake. Alitafuna kidogo, akakunja uso, akatema kwenye leso, akaikunja leso na kuirudisha mfukoni. Alifanya yote hayo akiendelea kumtazama Inspekta kwa chuki ile ile, mtu anayejikuna bila kujua anajikuna.

"Mbona umelitafuna?"

"Nini?"

"Jani. Umelitafuna."

Naibu alitazama leso mfukoni kana kwamba imewekwa na mtu mwingine. "Ah. Ni sheria ya Mwalimu. Jina ni shahidi, alikuwa akisema, na shahidi huwezi kumwita halafu usimhoji. Ukisoma jina, ulithibitishe papo hapo. Ikiitwa yenye haya, iguse uione haya yake. Ikiitwa yenye kunuka, inuse. Ikiitwa chungu au tamu, onja. Chungu hutemwa, tamu humezwa. Alituchapa vidole kwa rula mpaka mkono ukajifunza kwenda wenyewe."

"Na yeye alifanya hivyo?"

"Kuliko sisi. Kila asubuhi tunamwekea mezani mimea mibichi aihakiki kabla haijakaushwa. Alisoma lebo kwa sauti, akathibitisha, akaweka tiki."

"Hakuogopa kulishwa sumu?"

"Mmea wa sumu aliujua kwa kuutupia jicho moja. Mwalimu hakuogopa mmea hata siku moja. Aliogopa jina la uongo."

Inspekta aliitazama baraza, ile ambayo Mwalimu alinywea chai yake chungu, na mlango wa chumba ambamo baada ya chai aliingia kufanya kazi. Alijisikia mjinga kwa siku mbili zilizopita, na ujinga huo ulimtia hasira. Walikuwa wamehesabu kila kilichoingia mdomoni mwa yule mzee kama chakula. Hakuna aliyefikiria kilichoingia kama kazi.

*

Mchoraji hakuinua kichwa. Alikuwa anamalizia picha ya mmea mdogo wenye maua meupe, kwa brashi nyembamba yenye unywele mmoja, na Inspekta aliposogea aliusogeza mkono wake wa kushoto ukafunika sehemu ya chini ya karatasi.

"Mmea gani huo, mzee wangu?"

"Mpya. Haujapata kuandikwa popote duniani. Utatoka kwenye jarida mwezi ujao."

"Unaitwaje?"

"Jina lipo. Sijaambiwa niliandike." Mkono haukuondoka. "Kamuulize Naibu. Ndiye anayerithi kiti. Mimi ninarithi brashi."

"Wewe ulimchukia?"

"Kila siku, saa za kazi. Nikifika nyumbani nilipumzika."

Aliyekuja na kiti hatimaye alikuwa Binti. Alikileta mwenyewe, akakifuta vumbi, akaleta na maji ya kunywa kwenye glasi safi. Alikuwa na sauti ya chini na macho mekundu ya mtu aliyelia au asiyelala. Katika jengo lote lile ambalo watu walisalimiana kwa meno, ndiye peke yake aliyesema pole na kazi.

"Na wewe pole kwa msiba," Inspekta alisema.

"Asante. Inspekta, yule mama ana mtoto mchanga. Sidhani alikusudia. Labda alitaka tu kumuumiza kidogo, hasira zikamzidi. Mkiweza, mmwombee kwa hakimu."

"Tutaona."

Simu ililia. Inspekta alitoka nayo hadi kwenye ngazi. Alikuwa mkemia, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Kile kijiti chako. Majani yamepakwa sukari iliyoyeyushwa, ndani yake kuna utomvu wa Nerium uliochemshwa mpaka ukakolea. Yamepakwa, yakakauka, yakapakwa tena. Mengi yameshakwanyuliwa. Anayeyala hayo, na moyo wa kizee, hafiki mchana."

"Na mmea wenyewe?"

"Gugu la njiani tu. Halina neno. Mbuzi wanalila."

Inspekta alishuka uani. Kando ya njia, kwenye nyufa za saruji, gugu lenyewe lilikuwa limejiotea kwa wingi, majani madogo, maua meupe yasiyomtisha mtu. Alichuma jani akalitafuna. Uchungu kidogo kwanza, kisha utamu ukaja nyuma yake taratibu. Akameza. Akachuma matawi matatu, akaenda kwenye mashine ya kuchapia lebo iliyokuwa ukumbini, mashine ambayo kila mtu wa jengo aliitumia.

Sajenti alimkuta hapo, anahema. "Afande, gari limefika kituoni. Mkuu anauliza kwa nini mtuhumiwa bado hajapakiwa."

"Mpigie dereva simu, azime injini."

"Mkuu atasema—"

"Mkuu aseme na mimi. Wewe kaa mlangoni pa kile chumba, na mtu asitoke."

*

Aliwaita watatu katika chumba cha Mwalimu. Meza ilikuwa imefutwa, lakini hakuna aliyetaka kuisogelea. Naibu alisimama amekunja mikono. Mchoraji aliegemea kabati. Binti alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani.

"Sitawachelewesha," Inspekta alisema. "Ninafunga jalada la Mama wa Chai na kuna jina moja la mmea kwenye orodha ya vitu vya chumbani. Nikilikosea, wakili atanicheka. Nataka mnisomee linavyotamkwa na mniambie maana yake. Kila mtu peke yake, maana nimeshaona hampatani."

Alimpa kila mmoja tawi na lebo yake. Hakutazama nyuso. Alitazama mikono.

Mchoraji alisoma kwanza. "Skoparia dulkis. Skoparia ni ya kufagilia, zamani walifunga mafagio kwa vijiti hivi. Dulkis, tamu." Jani lilikuwa mdomoni kabla ya neno la mwisho. Alitafuna akitazama dirisha, akameza.

"Sisi si watoto wa kusomeshwa na polisi," Naibu alisema. "Dulchis, na uandike hivyo hivyo, na atakayekuambia dulkis mwambie nimekataa." Vidole vyake vilikuwa vimeshakwanyua majani mawili. Aliyatafuna kwa hasira, kama anayetafuna c ya marehemu, akameza.

Binti aliishika lebo yake kwa muda. "Skoparia dulkis," alisoma. Ilikuwa sauti ya baba yake, k ile ile iliyokatwa kama kwa kisu, kiasi kwamba Mchoraji alishtuka akageuka. "Fagio tamu." Kisha alilaza tawi mezani kwa uangalifu, akatoa leso, akafuta vidole. Kimoja kimoja.

Nje Sajenti alikohoa.

"Hukulithibitisha," Inspekta alisema.

"Sina hamu ya kula."

"Hawa nao hawakuwa na hamu. Mmoja alikuwa ananitukana huku anatafuna."

"Sheria ile ilikuwa ya baba. Baba amekufa."

"Kweli. Ungeweza kuliweka chini tu, nisingekuwa na la kusema." Inspekta alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane. "Vidole umevifuta kwa nini?"

Binti aliitazama leso.

"Mji mzima unasema chai. Sajenti wangu anasema chai. Wewe mwenyewe umeniambia muda si mrefu nimwombee mwanamke wa chai. Kuhusu sumu ya kijiti kilichokuwa mezani hapa, mimi sijamwambia mtu, na mkemia ameniambia mimi peke yangu. Hawa wawili wameona gugu tamu. Wewe umeona nini?"

Mchoraji alitazama tawi mkononi mwake, mkono mwingine ukapanda kooni. Naibu naye alikuwa amekauka, kipande cha jani kimemnasa kwenye jino.

"Tulieni," Inspekta aliwaambia bila kugeuka. "Nimelichuma uani na nimelila mwenyewe kabla yenu. Lenye sumu liko maabara."

"Inaweza kuwa yeyote kati yetu," Binti alisema polepole. "Lebo ni za mashine."

"Ndiyo. Lakini ni mmoja tu aliyemfuata mwanamke jikoni akamwambia vulgaris ni uchafu wa jalalani. Naibu anasema mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hakosei hivyo. Wewe umelelewa na majina haya tangu kitandani. Hukukosea. Ulitaka mtu mwenye hasira, aliyesikika na wote akisema ipo siku, na aliye karibu na kikombe."

"Wewe?" Naibu alisema. Ulikuwa mnong'ono, na ndani yake kwa mara ya kwanza hakukuwa na miiba. "Wewe ndiye uliyemwambia hivyo?"

Binti alimtazama Mchoraji. "Umeshaliandika?"

Mchoraji alitikisa kichwa. "Nilishindwa. Mwalimu alinipa karatasi yenye jina tangu wiki iliyopita. Nilimaliza ua, nikamaliza mzizi, kila nikifika kwenye jina mkono unakataa."

"Jina la ule mmea mpya," Inspekta alisema. "Ni spuria."

"Niliuona mimi," Binti alisema, na sasa maneno yalitoka bila kusukumwa. "Nilipanda mlimani peke yangu na mvua, nikaupata kwenye ufa wa jiwe, nikajua papo hapo kwamba hakuna mtu aliyewahi kuuandika. Nilishuka nao kifuani. Sikulala. Nikamwekea mezani kama zawadi, nikasimama pale mlangoni nisubiri atakachosema. Akautazama muda mrefu. Akasema ni mzuri. Akasema, nitaupa jina lako. Nilifurahi, Inspekta. Nakuapia, kwa nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote. Mpaka nilipoona alichoandika."

"Ungemwomba abadilishe."

"Nilimpigia magoti. Akasema mimea haipigiwi magoti. Na jina likishachapishwa halifutiki, wewe hujui watu hawa. Hata likiwa tusi, hata likiwa uongo, la kwanza ndilo. Watoto wa wajukuu zenu wangelisoma. Mama yangu amelala kaburini na wangelisoma."

Inspekta alimhurumia, na hakuipenda huruma hiyo. "Na yule mwanamke alikukosea nini? Maziwa yanamwagika kifuani kwake sasa hivi."

"Hakunikosea. Alikuwepo tu."

"Anayepatikana kila mahali."

Binti alifumba macho.

"Baba yako alikupa jina lisilo lako, ukaona linatosha kumuua. Wewe umempa yule jina la muuaji, ukamshika na mkono kwa huruma." Inspekta alisimama, akafungua mlango. "Sajenti. Mama wa Chai atoke sasa hivi, kabla ya kitu kingine chochote. Apewe mtoto wake. Dereva mwambie tutamhitaji, lakini si kwa yule."

Sajenti alichungulia ndani, akawatazama wote, akaona leso iliyokunjwa mezani. Viatu vyake vilisikika vikikimbia ukumbini.

Binti alinyoosha mkono. Naibu alitaka kumzuia, Inspekta akamwashiria amwache. Alilichukua lile tawi alilokuwa amelilaza, akakwanyua jani, akalitia mdomoni. Alitafuna kama walivyofundishwa, taratibu, ulimi ukitafuta. Wote watatu walimsubiri, hata Inspekta, kana kwamba ni mtihani.

"Tamu," alisema. Akameza. "Hakukosea."

Kisha akainua uso, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyajali.

"Hawa aliwachapa vidole ili kila jina lithibitishwe. Uchungu wa jani, harufu ya jani, haya ya kifauongo. Mimi nilimwambia, baba, twende hospitali, watoe damu yako na yangu, tujue. Kila mwaka nilimwambia. Hakwenda. Niambieni ninyi mliomjua vizuri, ninyi wanafunzi wake. Langu kwa nini hakulithibitisha?"

Mchoraji alikuwa ameinamia sakafu. Inspekta alitoa pingu mwenyewe, na Binti akampa mikono yote miwili kabla hajaambiwa.